Ewald Hakupiga Kengele

Saa sita mchana ilipita bila kengele ya kanisa letu kulia. Mechthild akajua mumewe Ewald, mpiga kengele ambaye kumbukumbu zilikuwa zikimtoka, ameondoka na baiskeli. Akakimbilia njiani akilia, akawasimamisha wageni waliokuwa wakizuru makanisa na makasri kwa baiskeli.

“Mmemwona mzee wa kofia ya kijani?”

“Labda kapata mchumba, mama!” alitania mmoja.

“Pale kasrini mlikopita, mlitazama majini?” Mechthild aliuliza.

Kicheko kikakatika. Makasri ya kwetu yote yamezungukwa na maji.

Jioni Mechthild na wageni wale walimkuta kwenye kasri la pili la njia ile, maji yamemfika kifuani.

“Usinifokee, mke wangu,” alisema akitetemeka. “Nalitafuta kanisa.”

Sasa Ewald anaishi katika nyumba ya wazee mjini Coesfeld, katika chumba kinachotazama maegesho ya magari, si kanisa.