Kiongozi wa Msafara Aliyeng'ata Pindo la Mtandio

“Mwambie huyo mkamwana wako kwamba wageni wanakwenda kwa jirani yetu Hojanepes, na maneno yaishie hapo!”

Mzee Sapargeldi anayasema hayo akimtazama mkewe, Nursona. Mkamwana mwenyewe, Tavus, amesimama hatua mbili tu kutoka alipo, mikono imejaa unga hadi kwenye viwiko, pindo la mtandio wake mwekundu amelibana kwa meno. Amesikia kila neno. Hata ngamia walio nyuma ya uzio wamesikia.

Tavus anainama sikioni kwa mama mkwe wake, ananong'ona.

“Anasema wakienda kwa Hojanepes leo, ndiyo basi tena,” Nursona anatangaza. “Kampuni ya utalii itampa Hojanepes msimu mzima.”

“Mwulize atawaongoza nani. Paka?”

Mnong'ono.

“Anasema yeye.”

Mzee anacheka mara moja tu, kama mtu aliyepaliwa. “Ataongozaje na mdomo umefungwa? Kwa kupunga mwiko?”

Safari hii mnong'ono ni mrefu. Nursona anasita. “Hili silisemi mimi.”

“Liseme!”

“Anasema hata mwiko unaongea kuliko wewe.”

Ni saa moja asubuhi kijijini Akguyi, katikati ya jangwa la Karakum nchini Turkmenistani, na hivyo ndivyo nyumba hii inavyogombana. Mkamwana hazungumzi na baba mkwe. Akiwa mbele yake hung'ata pindo la mtandio, na asemalo hupitia kwa mtu mwingine, mpaka siku mzee mwenyewe atakapomfungua kinywa kwa zawadi. Nyumba nyingine mambo hayo huisha mtoto wa kwanza akizaliwa. Nyumba nyingine hayaishi kabisa. Tavus, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa na watoto wawili, yuko mwaka wa saba.

Nursona alimfungua zamani. “Nilimpa mtandio na jozi ya bangili, nikamwambia, mwanangu, sema,” anakumbuka. “Tangu siku hiyo sijapata nafasi ya kusema mimi.”

Kama kinywa ni jumba la maneno, basi cha Tavus ni ghala, na ufunguo wake uko mfukoni kwa mtu mmoja. Jirani zake hawana shaka kwamba hakuna mwanamke anayeongea kumzidi kati ya Akguyi na barabara kuu. Anaongea akikamua ngamia, anaongea akiwa ameinama ndani ya tanuri la udongo akibandika mikate ukutani. Kisha kofia kubwa ya manyoya ya mzee inatokea mlangoni, na sentensi inakatika kama uzi.

Kazi yake ni kupika. Kila majira ya kuchipua na ya vuli, makundi ya watalii huteremka kutoka magari ya kampuni ya mjini, na familia hii huyapokea: mahema ya sufu ya kulala, mkate wa moto, mchuzi wa kondoo, maziwa ya ngamia yaliyochachuka. Baada ya hapo msafara huingia mchangani, zaidi ya kilomita sitini, hadi kwenye shimo la moto la Derweze, linalowaka miaka nenda miaka rudi. Kundi moja likila na kulala huiachia nyumba unga wa miezi miwili. Kwa nchi isiyopokea wageni wengi, makundi sita kwa msimu ni neema.

Gari la mbele huendeshwa na mzee Sapargeldi. Ni gari kuukuu la Kirusi, lenye umbo la mkate wa boflo, na hakuna mwingine anayelielewa. Pembeni yake hukaa kiongozi, anayesimama kila kilima cha mchanga kikikaribia, akachungulia upande wa pili, akapiga kelele: kata kulia, ongeza mwendo, usiguse breki. Kiongozi ndiye pia anayewasimulia wageni habari za visima, kobe na koo za wafugaji, na Merdan, kijana wa kampuni, hutafsiri.

Kiongozi huyo ni Dovran, mume wa Tavus. Lakini juzi Dovran alipanda ngamia dume mwenye hasira ili awaonyeshe shemeji zake kwamba inawezekana. Haikuwezekana. Sasa amelazwa mjini, mguu ndani ya plasta.

“Nilimwambia asipande,” Tavus anasema, akichomoa mkate kwa kitambaa. “Akaniambia ngamia anamjua. Kweli, alimjua vizuri sana. Alijua hadi pa kumtupa.”

Mzee hawezi kujiongoza mwenyewe. Upepo wa majira ya baridi umehamisha vilima na kuifukia njia ya zamani, na njia mpya waliipita Dovran na Tavus wiki iliyopita wakitafuta kuni. Tena mzee hapendi maneno. Mwaka jana Dovran alipougua siku moja, mzee aliwachukua wageni peke yake. Bibi mmoja wa Kijerumani alimwuliza ni nini kinachopatikana katika jangwa hili. Mzee alifikiri kwa muda mrefu.

“Mchanga,” alijibu.

Hilo ndilo lililokuwa simulizi lote la safari ile.

“Mimi nimekaa nyuma ya lile gari miaka mitatu, katikati ya masufuria,” Tavus anasema. Macho yanamng'aa. “Najua wageni wanacheka wapi. Najua wanaogopa wapi. Dovran akisahau hadithi, huwa ananigeukia. Kwa nini nisikae mbele?” Anapiga unga konzi. “Leo ndiyo leo. Wakirudi mjini wakasema walifurahi, kampuni itajua Akguyi ina viongozi wawili. Wakienda kwa Hojanepes, mimi nitabaki…”

Kofia ya manyoya inapita dirishani. Pindo linarudi menoni.

Wageni wanafika karibu na adhuhuri, kumi na wawili, vumbi kichwani na kamera shingoni. Mbele yao yuko Bi Halina, mwalimu mstaafu kutoka Polandi, mwenye kofia ya majani na sauti ya paredi. Anamega mkate, anafumba macho, anasema jambo kwa kirefu.

“Anasema haondoki hapa,” Merdan anatafsiri.

Nursona anamtazama mumewe. “Hawa ndio unataka kumpa Hojanepes?”

Mzee anavuta ndevu. Katika nyumba yake mgeni aliyekwisha kumega mkate hafukuziwi kwa jirani. Hilo halina mjadala. Naye Nursona analijua hilo. Ndiyo maana mkate umetangulia kuletwa mezani, kabla hata ya chai.

“Nani atasema njia?” mzee anauliza kwa unyonge.

“Yeye ataniambia mimi, mimi nitakuambia wewe,” Nursona anasema. “Nitakaa katikati. Tumegombana hivyo miaka saba, kuendesha gari kutatushinda?”

Kwa hiyo msafara unaondoka. Mzee yuko kwenye usukani, Tavus dirishani. Kati yao, juu ya kifuniko cha injini, Nursona amekalia mto. Merdan na wageni wanne wamebanana nyuma, na magari mawili ya kampuni yanafuata nyayo.

Kwenye uwanda wa udongo mkavu mambo yanakwenda vizuri ajabu. Maua mekundu ya mipopi yamechanua kando. Kobe anakatiza, Tavus anamfinya mama mkwe, Nursona anasema simama, gari linasimama, wageni wanashangilia. Tavus anageuka nyuma, pindo menoni, anamnong'oneza Merdan kwamba kobe huyu huamka kwa miezi michache tu, akala, akaoa, akarudi kulala. Bi Halina anacheka hadi anashika ubavu. Mzee anatazama mbele kama hakusikia, ila masharubu yake yanacheza.

Halafu vilima vinaanza.

Tavus ananyanyuka, anachungulia, ananong'ona: kushoto.

Sasa, Nursona ni mwanamke wa adabu. Hajawahi kumwita mumewe kwa jina wala kumwamrisha mbele za watu, sembuse mbele ya Wapolandi.

“Baba Dovran,” anaanza, “kama haitakuwa taabu kwako, mtoto anaona ingefaa labda ukate…”

Gari limekwisha kupita.

“…kushoto,” anamalizia.

Wanarudi kinyumenyume. Mara ya pili wanaponea chupuchupu. Injini imechemka na mto wa Nursona umechemka nao. Anajisogeza huku, anajisogeza kule.

“Mama, mwambie asifunge breki!” Tavus ananong'ona kwa nguvu.

“Baba Dovran, mtoto anaomba, kuhusu breki…”

Mzee anasikia neno breki, anaikanyaga. Gari linazama kwenye mchanga hadi mhimili wa magurudumu, kisha linatulia kama ng'ombe aliyeamua kulala.

Kila mtu anateremka. Wageni wanapiga picha, mzee anazunguka gari akitikisa kichwa. Tavus hangoji: anachukua kifuniko cha sufuria kubwa, anapiga magoti, anaanza kuchimbua gurudumu la nyuma. Mchanga unarudi karibu wote. Jasho linamtiririka, na kwa kuwa mzee yuko pale, anahemea puani, meno yamekaza.

Merdan anatazama jua, anamsogelea mzee. Sauti yake ni ya upole. “Babu, bado kuna njia ya kwa Hojanepes. Madereva wangu wanaijua. Tuwageuze tu, tusiwachoshe. Kampuni itaelewa.”

Tavus amesikia. Kifuniko kinasimama hewani. Anamtazama mama mkwe, kisha anakishusha mchangani.

Mzee Sapargeldi anamtazama mkewe. “Nursona, mwambie…”

Anaishia hapo. Anaitazama ile njia ya Hojanepes. Anakitazama kile kifuniko cha sufuria.

“Hapana,” anasema. “Basi.”

Anajipapasa mifukoni, kwa sababu kinywa cha mkamwana hakifunguliwi mikono mitupu. Anatoa kisu kidogo, kipande cha kamba, kichupa cha tumbaku. Anavirudisha kimoja kimoja. Halafu anajisimamisha wima, anaivuta kofia yake ikae sawa, na kumgeukia Tavus uso kwa uso.

“Yule mtamba wa ngamia mwenye doa jeupe,” anasema, “uliyemlea kwa chupa mama yake alipokufa. Ni wako. Na wazao wake ni wako. Kinywa chako kiko wazi, mwanangu.”

Nursona anajipiga paja. “Ngamia! Mimi dada yako alinifungua kwa sabuni!”

“Kuna nini?” Bi Halina anauliza, na Merdan anajaribu. “Mzee amempa ngamia ili aongee.”

Bi Halina anafikiri. “Marehemu mume wangu,” anasema, “angetoa ngamia ninyamaze.”

Madereva wanaangua kicheko, wageni wanapiga makofi bila kujua sawasawa wanampigia nani. Mzee anangoja. Tavus anasimama, anajikung'uta magoti, na polepole anaachia pindo la mtandio. Limelowa, na alama za meno zinaonekana.

Kijijini wasichana huyapanga maneno hayo ya kwanza wakiwa bado wachumba. Shukrani, dua, maisha marefu kwa nyumba. Tavus naye alikuwa ameyapanga. Alikiri hivyo mwenyewe asubuhi akioka mikate, tena alikuwa na shairi zima.

“Baba,” anasema, na sauti inatoka na mikwaruzo. Anakohoa. “Baba, punguza upepo kwenye matairi.”

Mzee anachuchumaa papo hapo na kupunguza upepo kwenye matairi, ili yasizame mchangani.

Tavus hajanyamaza tena. “Mama, wewe nyuma, umeungua vya kutosha. Merdan, waambie washike pande zote mbili, wasukume nikipiga kelele, siyo kabla. Bi Halina asisukume. Au basi, asukume, hakatazwi.” Huku mzee akimaliza tairi la nne, yeye tayari anamweleza Merdan habari za vuli: njia mpya ya visima vitatu, kulala nje, mkate uliookwa ndani ya mchanga wa moto, na wanawake wawili wa Akguyi atakaowafundisha kazi hii. “Dovran akipona, yeye kundi lake, mimi kundi langu. Andika hayo kwa mkubwa wako. Andika na jina langu, siyo la mume wangu.”

“Binti,” mzee anasema kutoka kwenye usukani, “jua linazama.”

Tavus anaruka kwenye kiti cha mbele, anatoa kichwa dirishani. “Sukumeni!”

Wote wanasukuma. Mchanga unaruka, injini inalia, gari linajinyanyua na kupanda kilima likiyumba, Nursona akiomba dua nyuma kwa sauti. Kileleni, mbele kabisa, anga limeanza kuwa jekundu upande wa Derweze. Chini ya pua ya gari, mteremko umegawanyika pande mbili.

“Wapi, mwanangu?” anauliza Sapargeldi. Hamtazami mkewe.

“Kushoto, baba! Na usiguse breki!”

Usukani umezunguka kabla neno halijaisha.