Mkono wa Kulia

Tangu mwezi wa Shaabani Badawi hakutia tonge mdomoni nyumbani kwa mtu. Harusini alikwenda, akakaa na wenzake akapiga soga, lakini sinia likiteremshwa tu, yeye huyo anatafuta viatu. Mara ana saumu ya sunna, mara tumbo limemvuruga, mara mkewe Nadra amemwekea chakula. Na Lamu nayo, jamani! Hapa ukikataa wali wa mtu ushamwambia mbele ya watu kwamba unamwogopa.

Kumbe Badawi alikuwa na lake. Alfajiri moja aliamka kuswali, akaukuta mkono wa kulia mzito, vidole vimelala. Akavuka maji hadi zahanati ya Mokowe, bara, akidhani kule hatajulikana, na urefu wake ule! Nesi wa huko, Chelangat, akampima presha, akamwambia ni kiharusi kidogo, ashukuru Mungu, anywe dawa na awe anakuja kunyooshwa vidole. Badawi akamwapisha asimwambie mtu. Nesi akacheka, akasema siri za wagonjwa ndiyo kazi yake. Kile kicheko kikamkaa rohoni. Amecheka nini?

Huyu alikuwa Badawi Shoto, aliyewainua watu vitini Nairobi kwa mpira wa kikapu. Mamake alimpiga vidole utotoni mpaka akajua kula kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto si wa sinia. Uwanjani lakini shoto ndiyo iliyompa jina. Walinzi walimzuia upande huu, yeye akafunga kwa upande ule. Magoti yalipomgomea akarudi kwao Langoni, akagundua kwamba kila mwenye biashara anataka apigwe naye picha. Mafanikio, alizoea kusema, ni mpira tu: ukiushika wewe, wote wanakujia mikono mbele. Basi akawa hamwamini mtu. Shuleni walimwalika awahutubie vijana, naye akawahimiza wapunguze chumvi, wapime presha. Ya kwake hakuwahi kuipima tangu aache kucheza. Uongo mtupu, na aliujua.

Kitu kimoja tu kilikuwa bado mbele yake, si nyuma. Yeye na binamu yake Fahmi walipanga kufungua kiwanda cha barafu Mokowe, ili samaki wa Kiunga wasifike wameshaoza. Fahmi ni fundi wa mitambo. Badawi angewavuta wavuvi kwa jina lake. Kila asubuhi aliamka na barafu kichwani. Na kila asubuhi alijiuliza: Fahmi akijua, atataka mshirika aliyekufa nusu?

Siku Fahmi alipokuja mlangoni, kila kitu tayari, akanyoosha mkono na kusema, "Basi kaka, tupeane mkono tuanze." Badawi akaweka shoto yake kifuani, akainama kidogo, akasema inshallah wataonana. Mkono wa Fahmi ukabaki hewani, kisha akautia mfukoni. Badawi akamtazama machoni. Huyu ananijaribu, akasema moyoni. Amepata habari. Yule nesi!

Kisha ukaja mwaliko: Ijumaa baada ya swala, chakula cha mchana kwa Fahmi, wao wawili tu. Wawili tu, kwa nini? Nadra, aliyeijua siri nyumbani, alichoka naye siku hiyo. Akamwambia aende akale au aende akaseme, kwani haya anayoyafanya ni matusi kwa mtu asiye na kosa. Badawi akamtazama mkewe vibaya, akawaza kama yeye na Fahmi wameshasemezana. Astaghfirullahi, Nadra wa watu! Akaenda, lakini alikwenda kumnasa Fahmi.

Sinia likaja, wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Fahmi akapiga bismillahi. Badawi akapeleka mkono wa kulia, akakusanya, akainua, na wali wote ukamwagika mkekani. Akarudia. Ukamwagika tena. Fahmi akaacha kutafuna.

"Haya, umeshaona," Badawi akasema. "Si ndicho ulichoniitia?"

"Nimeona nini? Kaka, mkono una nini?"

Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyeshtuka kweli, na hapo Badawi akajua kwamba hakuna aliyesema lolote, si nesi, si Nadra. Akaeleza yote, alfajiri ile, Mokowe, presha, uongo wa saumu. Fahmi akajifunika uso kwa kiganja. Alipoufunua, macho yalikuwa mekundu.

"Nalikupa mkono mlangoni kwako, ukauacha. Wali wangu ukaukimbia. Nikasema kaka haniamini, na haya zamzuia kunambia. Leo tulipotoka msikitini nimempa mkono Mugambi, yule mwenye malori ya samaki, tuanze kiwanda kama tulivyopatana juma hili. Nalikuita nikwambie mwenyewe, usije ukalisikia ndiani, kwa midomo ya watu."

Badawi hakumwomba avunje. Fahmi si mtu wa kuvunja neno, na hilo ndilo lililomfanya Badawi amtake awe mshirika tangu mwanzo. Alitaka kukasirika, akatafuta wa kumkasirikia, akakosa. Mkono wake ulikuwa umelala ukingoni mwa sinia, punje za wali vidoleni.

Mwisho akaomba kijiko.

Kililetwa papo hapo, wala hakuna aliyeuliza cha nini.