Mguu ambao Kafedha hakupaswa kuukanda

Kitu cha kwanza anachokiona Kafedha ni kamba za kiatu. Dorothy haziinamii. Anaupandisha mguu wa kushoto juu ya ngazi ya darasa, anazifunga huko huko juu, kisha anaingia uwanjani akicheka na wenzake kama mtu asiye na neno.

"Paja limekaza tena," Kafedha anasema taratibu, kama anayejisemea. "Akimaliza mbio nitamwita."

Ni saa kumi na nusu jioni, Mishomoroni, Kisauni. Timu ya soka ya wanawake, Nyota, inafanya mazoezi kwenye uwanja wa shule ya msingi na vumbi limepanda hadi madirishani. Kafedha Ngowa, mwenye umri wa miaka 23, ametandika mkeka penye kivuli cha ukuta. Ana kanga mbili, taulo, na chupa ya mafuta ya nazi aliyoianika juani ipate uvuguvugu. Yeye ndiye mchua misuli wa timu.

Shule aliiacha darasa la sita, mama yake alipougua. Akapelekwa Ganze kwa bibi yake, anayemwita Hawe, ambaye kazi yake ilikuwa kuwakanda wanawake waliotoka kujifungua.

"Hawe alikuwa akinifunga leso machoni," anakumbuka. "Ananiambia, shika mgongo huu, uniambie panauma wapi kabla mwenyewe hajasema."

Aliyemleta uwanjani ni Dorothy, 28, jirani yake katika vyumba vya kupanga Bombolulu. Dorothy hufua mashuka ya hoteli Bamburi, akisimama saa tisa kwa siku, na jioni hucheza kiungo.

"Zamani nikicheza Jumapili, Jumatatu nakwenda msalani nimeshika ukuta kama mwali," Dorothy anasema, na wenzake wanaangua kicheko. "Sasa huyu akinipitia mikono, nalala fofofo."

Mueni, mtaalamu wa tiba ya viungo anayewatembelea mara mbili kwa mwezi, anasema uchuaji hulegeza misuli iliyokaza, hupunguza maumivu baada ya mchezo na kumpa mtu usingizi mzuri. "Tena mkono unaoujua mwili wako hugundua tatizo mapema," anasema. "Lakini jeraha bichi halichuliwi. Siku mbili tatu za mwanzo ni barafu na kupumzika."

Hapo ndipo wengi hukosea. Mchezaji akiumia, hukandwa papo hapo kwa mafuta ya moto na chumvi. Akipiga mayowe, watu husema dawa inaingia.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka jana, Dorothy alipopigwa goti pajani na mchezaji wa timu pinzani. Kocha Jacktone Oduor alipaza sauti: "Mkande, arudi!" Kafedha alipoweka kiganja, paja lilikuwa linawaka. Neno la Hawe likamjia: penye moto, mkono usubiri.

Alijua. Lakini kocha ana cheti, na yeye ana darasa la sita. Alimwaga mafuta akakanda, Dorothy akilia na watu wakipiga makofi.

Asubuhi paja lilikuwa limevimba kama mtungi, na jeusi. Dorothy alikaa nje miezi saba, na hotelini akapunguziwa siku za kazi kutoka sita hadi tatu. Kila mtu alililaumu goti la yule mpinzani. Dorothy hakumlaumu Kafedha hata mara moja. Alipoweza kukanyaga, alimletea mguu ule ule.

Tangu hapo Kafedha huukanda kila wiki, na kila wiki hunyamaza. Anaogopa kwamba akisema, Dorothy hatamwekea mguu wake mikononi tena.

Kipato chake si haba, si kingi. Kila mchezaji humpa shilingi mia na hamsini baada ya mechi, na asubuhi huwakanda akina mama wanaobeba magunia sokoni Kongowea. Maneno pia anayasikia. "Masaji? Si ile kazi ya usiku hotelini?" jirani mmoja humchokoza. Kafedha hujitwika mkeka wake akaenda.

Mwezi Januari ataanza mafunzo ya miezi mitatu aliyotafutiwa na Mueni. Hayadai cheti cha shule, bali mtu ajue kusoma na kuandika. Baadaye anataka chumba chenye kitanda cha kukandia, na ukutani karatasi moja tu, yenye maneno ya Hawe.

Jua linashuka. Dorothy amelala mkekani, mguu mapajani mwa Kafedha, wakati golikipa Fancy anapokuja akirukaruka kwa mguu mmoja. Ameumia sasa hivi, na kifundo cha mguu kimevimba.

"Wee Kafedha, achana na huyo kwanza," kocha anasema. "Mpige huyu mafuta, Jumapili ako sawa."

Kafedha anakigusa kifundo kwa mgongo wa kiganja. Kinawaka. Anavuta pumzi.

"Hapana, kocha."

"Umesema?"

"Sikandi. Atafutiwe barafu. Jumapili asicheze."

Kocha anamtazama, anakitazama kifundo, kisha anajikuna kichwa na kumgeukia mchezaji mmoja. "Haya. Pascalia, kimbia dukani uulize barafu."

Dorothy anacheka hadi mkeka unatikisika. "Lo! Mtoto leo ana sauti! Mwaka jana sauti hii ulikuwa umeificha wapi, mwenzangu?"

Ni mzaha tu. Wengine wanacheka pia, kisha wanamsaidia Fancy kwenda kuketi kwenye ngazi ya darasa. Mikono ya Kafedha imesimama juu ya paja la kushoto.

"Dada Dorothy."

"Abee."

"Siku ile nilijua. Niliusikia moto mkononi, nikajua mguu haustahili kukandwa. Nikamwogopa kocha, nikakanda. Aliyekuumiza si lile goti peke yake. Ni mimi."

Dorothy anaangalia angani. Mguu hauondoi.