Kopo la Njia Panda

Naona haya hata kulisimulia jambo hili, na mume wangu akisikia atasema nimeanza tena, lakini bora mlisikie kwangu kuliko kwa watu wa mtaani kwetu Nguvumali ambao kila mmoja ana lake: mimi ndiye yule mama vitumbua aliyekusanyiwa watu kwa tuhuma ya uchawi, na uchawi wenyewe sina.

Ilikuwa miaka ile viwanda vya Tanga vinauzwa kimoja kimoja na waume zetu wanarudi nyumbani mikono mitupu. Baba Zuhura naye alipunguzwa kazini, akahangaika weee, mwisho akapata kibarua cha kuendesha gari la wageni kule ufukweni Ushongo, leo kipo kesho hakipo, kwa hiyo nyumba ikawa inasimama juu ya vitumbua nilivyouza barazani kwangu (sijisifu, ila nazi nilikuwa siibanii). Sasa mgeni mmoja wa Kizungu, siku ya kuondoka, akamwachia kidude kidogo kama redio kinachosikilizana na setilaiti kikakuonyesha uliposimama kwa namba, akamfundisha na mchezo wake: mtu anaficha kopo lenye vikorokoro, anaandika namba za mahali pale, mwenzake anazifuata mpaka alipate, halafu anachukua kitu kimoja na kuacha kingine. Kwao eti hucheza familia nzima. Baba Zuhura alirudi nyumbani anacheka peke yake, na tangu kazi imtoke sikuwa nimemwona anacheka, nikasema moyoni, mwanamke, mfuate mumeo kwenye mchezo wake, utapungukiwa nini.

Zamu ya kwanza ya kuficha nikapewa mimi. Nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikatia kitana, filimbi na pipi, binti yetu Zuhura akatia jino lake lililong'oka juzi yake (nilimwambia atie kitu anachokipenda, ndicho alichokipenda), na karatasi yenye zile namba nilizozisoma kwenye kidude pale nilipopanga kulificha. Nikawaza, je, mvua ikinyesha? Nikachana kipande cha kaniki yangu kuukuu, nikalifunga kopo, nikakaza mafundo. Kisha, ili mtoto asihangaike sana kutafuta, nikalifukia kidogo pale njia panda, karibu na kisima kilichokauka. Kaniki nyeusi, njia panda, jino la mtoto. Mnacheka sasa, lakini wallahi siku ile akili yangu yote ilikuwa kwenye mvua.

Nikampa Baba Zuhura kidude chake na namba hizo kwenye karatasi nyingine, akasema watatoka na mtoto wakishaswali alasiri, mimi nikajinyoosha. Kilichoniamsha ni sauti za watu. Kuku wa jirani yangu Mama Hija alikuwa amepekua mchanga pale njia panda mpaka pembe ya kaniki ikatokeza, na Mama Hija alipoiona akapiga ukelele wa kuita mtaa. Nilipofika, watu wameshasimama duara, na Mwalimu wa chuo cha Kurani ameshaletwa, anafungua mafundo kwa ncha ya fimbo huku anasoma dua.

"Hizo namba ni talasimu," mtu akasema nyuma yangu.

Mwalimu akaigeuza karatasi juu chini. "Talasimu nazijua. Hizi sizijui."

Hapo ndipo watu walipoogopa hasa. Na jino lilipodondoka kutoka kwenye kopo, wanawake wakawavuta watoto wao nyuma ya kanga.

Ningeweza kusema pale pale kwamba ni langu. Lakini nikajiuliza nani atakula kitumbua kilichopikwa na mkono huu, na habari ikifika mpaka Ngamiani mjini nitahamia wapi na sufuria zangu, basi mdomo ukanitangulia, nikasikia sauti yangu inasema, "Aliyeweka hili, Mungu amfedheheshe mchana kweupe." Watu wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia.

Sijapata kuomba dua ikapokelewa upesi vile. Nikamwona Baba Zuhura anakuja, kichwa chini, macho kwenye kidude, Zuhura kamshika shati, watu wanawapisha, akaenda mpaka miguuni pa Mwalimu, ndipo akainua kichwa anatabasamu. "Mama Zuhura," akaniita mbele ya kadamnasi, "umejitahidi kuficha, lakini hiki hakikosei."

Mama Hija akanigeukia. Hakupandisha sauti. "Kumbe ni wewe, shoga yangu?"

Baba Zuhura akaanza kueleza habari za mchezo na setilaiti, kwamba ukichukua kitu unaacha kingine, na kwamba kuna kitu huko juu kinachojua tuliposimama, na kila alivyoeleza watu walirudi nyuma zaidi. Aliyetuokoa ni Zuhura, aliyechuchumaa akaokota. "Jino langu hili," akasema, akampanulia Mwalimu kinywa aone pengo. Mwalimu akatazama pengo, akatazama jino, akatazama pipi mchangani, akaangua kicheko mpaka akaegemea fimbo. "Mchawi gani anatia pipi?"

Wengine wakacheka naye. Wengine wakaondoka bila kuaga. Mama Hija akaokota ile filimbi, akaitazama, akaenda nayo kwake.

Asubuhi nikapika kama kawaida, na wateja wangu wakanisalimia kutoka upande wa pili wa njia. Shikamoo nyingi, mnunuzi hakuna. Vitumbua vinapoa, Baba Zuhura kajikunyata ndani na kidude amekizima, na mimi nalia, na moshi wenyewe si mwingi kiasi hicho. Mara nikasikia filimbi, Hija anaipuliza, mama yake nyuma. Mama Hija akasimama pale ambapo mtaa mzima unamwona, akachukua kitumbua kwenye sinia, akakitafuna polepole mpaka kikaisha, akalamba na vidole.

"Jana nilichukua filimbi," akasema. "Mumeo si alisema ukichukua unaacha?" Akanitia yai kiganjani, bado lina joto. "Kuku ndiye aliyenitia kwenye fitina, basi na alipe yeye."

Jamani, nilishusha pumzi mpaka moto ukalipuka jikoni. Kufika saa ya shule sinia jeupe.

Makopo bado tunaficha, ila kaniki na njia panda nimekoma, nafunga kwa mfuko wa nailoni kama mtu mwenye akili zake. Na kabla sijatoka kwenda kuficha napita kwanza kwa Mama Hija kumuaga, naye kabla hajanijibu huanza kumfungia kuku wake.