Kitabu cha Krismasi Kilichopotea Rahaleo

Sisi tuliokulia Mtwara miaka ya tisini tunajua jinsi kijitabu kimoja cha picha kilivyoweza kusomwa na mtaa mzima, mpaka jalada likalegea na kurasa za katikati zikashikiliwa kwa uzi. Pale kwetu Rahaleo tulikuwa navyo vitatu, vyote vya Krismasi, vyote vya kuchekesha, alivyotutumia mama mdogo kutoka Dar es Salaam. Viwili sivikumbuki sana. Cha tatu ningeweza kukusomea hata sasa nikiwa nimefumba macho. Kilihusu familia ya Mzee Kifundo ikijiandaa kwa sikukuu. Mzee Kifundo anapaka nyumba chokaa, anakwama dirishani, kichwa kiko sebuleni na makalio yako nje. Mama Kifundo anakaanga maandazi magumu, moja linaanguka na kupasua sakafu. Bibi anakalia keki. Na mbuzi wa sikukuu, ambaye ndiye kipenzi chetu, anaiba gauni jipya la Mama Kifundo, analivaa, anatangulia kanisani na kukaa kiti cha mbele.

Tulikisomea barazani jioni, baada ya kucheza rede na kombolela mpaka vumbi limetuganda miguuni, huku harufu ya korosho za kuchoma ikitoka kila ua. Watoto wengi wa mtaa wetu walikuwa Waislamu, na nadhani wao ndio waliocheka zaidi. Zuhura, rafiki yangu wa nyumba ya jirani, alijifunga kanga ya mama yake akamwigiza yule mbuzi anavyopiga magoti kanisani, tukacheka mpaka mbavu zinauma. Aliyekuwa hacheki ni baba peke yake. Alikuwa karani bandarini, mtu wa Mbinga, mwenye maneno ya kupima. Siku moja alitutazama juu ya gazeti lake akasema, "Mbuzi havai gauni," akarudi kusoma.

Mama alikuwa mwalimu, na ualimu ulikuwa umemfundisha kutomwamini mtu. Ukimwambia unaumwa tumbo, anakunusa mdomo kwanza kama umekula embe bichi. Anatazama sahani ya maandazi mara moja tu, anajua kuna mkono umepita. "Mimi wananidanganya watoto wa darasa la tatu kila siku na siwakubalii," alikuwa akisema. "Ninyi mtaniwezea wapi?"

Basi mwaka mmoja, Desemba ilipoingia na baba akaanza kupaka chokaa ukuta wa mbele, kitabu kikapotea. Tulipekua chini ya vitanda, nyuma ya kabati, ndani ya debe la unga. Kaka yangu Gasto akasema bila kufikiri kwamba mtu wa mwisho kukishika ni Zuhura. Mama hakuhitaji zaidi ya hapo. Alivuka ua akaenda kumuuliza Mama Zuhura, kwa upole wa kimwalimu ambao ni mbaya kuliko ukali. Mama Zuhura alikuwa anakuna nazi. Aliacha mbuzi yake ya nazi, akasimama.

"Mwalimu, watoto wangu wanakula kwako na wako wanalala kwangu. Leo wamekuwa wezi?"

"Sijasema wezi, mama. Nimeuliza tu."

"Umeuliza nyumba ngapi?"

Mama hakuwa ameuliza nyumba nyingine. Tangu siku hiyo Zuhura hakuja barazani kwetu. Tulipishana kisimani kama watu wasiojuana, kila mmoja akitazama ndoo yake.

Wiki hiyo hiyo mama alikuwa anafua. Alishika shati jeupe la baba, akalinyoosha juani. Kifuani lilikuwa na madoa ya kahawia, yale ya maji ya mabibo ambayo hata ulifue kwa jiki mara kumi hayatoki. Kwa asiyeijua Mtwara, bibo ni lile tunda la mkorosho, tamu na kali kooni, na likikudondokea nguoni umeharibikiwa. Baba aliporudi, mama alimwonyesha lile shati.

"Baba Gasto, bandarini mikorosho imeota lini?"

Baba alisema kuna mtu alileta mabibo kazini. Mama akaitikia, "Sawa." Sisi watoto tulitazamana. Sawa ya mama tulikuwa tunaijua.

Aliyemaliza mambo ni mama mmoja muuza korosho aliyekuwa akipita mlangoni kwetu. Alikuwa akipima korosho zake kwa kikopo huku anazungumza, akasema kwa nia njema kabisa kwamba Baba Gasto ni mtu mwema, kila Jumamosi humwona kule kwao Likombe na hakosi kusalimia. Mama akamshukuru. Jumamosi iliyofuata, baba alipoaga kwamba ana kazi za ziada bandarini, mama alisubiri apotee kwenye kona, kisha akaniambia, "Vaa viatu."

Tulikwenda kwa miguu. Tulipofika Likombe, wakati huo nyumba zikiwa chache na mikorosho mingi, aliuliza mara moja tu, akaonyeshwa nyumba ya udongo yenye ua wa makuti. Kabla hatujaufikia ule ua nilisikia sauti ya mbuzi. Haikuwa ya mbuzi wa kweli. Mtu alikuwa anamwigiza mbuzi anayeimba kanisani, na akimaliza, mtoto anacheka kwa kelele mpaka anakohoa.

Alikuwa baba. Alikaa kwenye mkeka chini ya mikorosho, miguu ameikunja, kitabu chetu kiko mapajani. Msichana mwenye ushungi mweupe alikuwa amemwegemea begani, bibo lililong'atwa mkononi, maji yanachuruzika kwenye shati la baba. Baba alikuwa anacheka. Meno yake ya nyuma niliyaona siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Alipotuona alifunga kitabu. Yule msichana hakuwa amegeuka bado. "Baba, endelea," alisema.

Mama alimtazama yule mtoto, akanitazama mimi. Yule mtoto hata akisimama angenifika begani tu. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa mama anapima nini. Mtoto mkubwa kuliko Gasto angekuwa wa kabla ya ndoa yao. Huyu hakuwa wa kabla.

Bibi mmoja alitoka ndani na sahani ya mihogo ya kuchemsha. Alipomwona mama hakushtuka. Aliweka sahani chini, akamkaribisha, akamvutia kigoda. "Nimemwambia siku nyingi akulete," alisema. "Kasema bado, bado." Kisha akaeleza kwa sauti ya kawaida kwamba mtoto anaitwa Somoe, kwamba mama yake, ambaye ni binti wa huyo bibi, wamemzika mwaka huo huo, na kwamba yeye mwenyewe macho yamekwisha, anarudi kwa nduguze huko karibu na mto Ruvuma. Mtoto amkabidhi kwa nani kama si kwa baba yake?

Baba alisimama. "Nilitaka kwanza ajue kwetu Krismasi inakuwaje," alisema. "Nilimletea kitabu ili asituogope."

"Na mimi?" mama aliuliza. "Mimi ulinitafutia kitabu gani?"

Mama alinyoosha mkono, akapokea kitabu, akamuaga bibi kwa heshima zote, tukaondoka. Mihogo hatukuigusa.

Nilidhani tutaingia nyumbani. Mama alipita moja kwa moja kwa Mama Zuhura, kitabu mkononi, akasimama uani mbele ya watu. "Kitabu kimepatikana," alisema. "Alikichukua mume wangu. Nimekuja kukuomba radhi wewe na mtoto." Mama Zuhura alimtazama usoni, na nadhani aliona kwamba habari haikuishia kwenye kitabu, maana alimshika mkono akamwingiza chumba cha ndani na kufunga mlango. Mimi na Zuhura tulibaki uani tukimsikiliza mama yangu akilia. Zuhura akanisogezea kipande cha nazi.

Siku zilizofuata baba alilala sebuleni. Ukuta ulibaki na chokaa nusu, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Halafu asubuhi ya mkesha wa Krismasi, mama akiwa anachambua mchele, alisema bila kuinua kichwa, "Kamlete."

Baba alianza kushukuru.

"Sijasema nimekusamehe. Nimesema kamlete."

Somoe alikuja na mfuko mmoja wa nguo. Alikaa ukingoni mwa kiti, akawa anatazama huku na huku, dirishani, mlangoni, jikoni. Mwisho akamuuliza Gasto kwa sauti ya chini, "Mbuzi wenu yuko wapi?" Gasto akamjibu, "Kwenye sufuria." Midomo ya Somoe ikaanza kutetemeka. Mama aliona, akamwita jikoni, akamkalisha karibu naye na kumpa ukoko wa pilau, ile sehemu ambayo sisi tulikuwa tunaigombania. Niliumia. Usiniulize kwa nini, mtoto hana sababu. Kwa muda mrefu nililala na gauni langu jipya chini ya mto, nikimwangalia kwa jicho moja. Yeye naye alikuwa ananiangalia.

Lakini sikukuu ilipokwisha mama alimfunga ushungi kwa mkono wake, akamwambia Zuhura ampeleke madrasa asipitwe na masomo yake. Padri alipouliza, mama alisema, "Amekuja kwangu na dini yake, baba. Sijaona sababu ya kumpokonya." Na baba, tangu watu wote walipokwisha kujua, alianza kutusomea sote barazani, pamoja na sauti zote za wanyama. Hilo la kwamba alikuwa anaweza siku zote, sikulimaliza moyoni haraka.

Siku hizi nawaona vijana wetu. Mke akimshuku mume, anafungua simu yake akiwa kitandani, anasoma mistari miwili, kabla ya chai ndoa imekwisha na mtaa mzima umepata picha. Hakuna anayevaa viatu kwenda kuona kwa macho yake, akakaribishwa mihogo na bibi wa watu. Na ukikiacha kitabu cha watoto barazani wiki nzima utakikuta pale pale, kuku wamekichafua, hakuna hata wa kukiiba.

Baba tulishamzika. Mimi na Gasto tuko mbali na kazi zetu, barabara ni ya lami lakini tunafika kwa nadra kuliko enzi za tope. Krismasi iliyopita nilimpigia mama simu mchana nikamuuliza kama amekula. Akasema bado. Nikamwambia nimemtumia binti wa kumsaidia kazi, kwa nini asimpakulie?

"Namsubiri Somoe atoke kazini anipikie," mama alisema. "Chakula cha mtu nisiyemjua mimi sili."