Leokadia Alivyogoma Kuitika

Mimi sina mtoto, kwa hiyo hapa Silver Spring, Marekani, naitwa Vumilia, basi. Wenzangu wote wanabeba majina ya watoto wao: Mama fulani, Mama fulani. Labda ndiyo maana niliona mapema alichofanyiwa Leokadia. Niliona, nikanyamaza, na lile jina jipya nikalitumia kama wengine.

Leokadia ni Mtanzania, anahudumia wazee kwenye nyumba moja ya kuwalelea, mji jirani wa Bowie. Mumewe ni Ferdinand. Wana watoto wawili: Gwakisa, wa kiume, na Elieth, binti aliyemfuata. Kwa miaka kumi na mmoja niliyomfahamu, alikuwa Mama Gwakisa. Kisha Gwakisa, akiwa na miaka ishirini na minne, akawaambia wazazi wake kwamba yeye anapenda wanaume na kwamba hatajificha tena. Habari ilifika kwenye ushirika wetu wa ibada ya Kiswahili kabla ya Jumapili. Jumapili yenyewe hakuna aliyegusia. Mama Anatoli, mwenyekiti wa akina mama, alimpokea mlangoni, akamkumbatia, akasema, "Karibu, Mama Elieth."

Leokadia aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

Hakukuwa na kikao wala azimio. Jina lilihama tu kutoka kwa mtoto wa kwanza kwenda kwa wa pili, na chai ikanywewa. Kwetu hata mtoto akifa, mama hanyang'anywi jina lake. Leokadia alipouliza, Mama Anatoli alimjibu kwa upole kabisa, "Tumekusitiri tu, dada. Hatutaki u-feel vibaya." Nami naamini alimaanisha. Watu wema wakiamua kukusitiri, unakosa hata pa kulalamikia.

Tangu siku hiyo akagoma kuitika. Ukimwita Mama Elieth, anaendelea kupanga vikombe. Ukimgusa bega, anasema, "Elieth ni wa pili," kisha anakusikiliza shida yako. Tulidhani amekasirika, lakini hasira ingekuwa nafuu. Aliniambia baadaye kwamba miezi ile aliosha wazee, alipika, aliendesha gari, na mwili mzima ulikuwa kama umechomwa ile sindano ya ganzi ya kung'olea jino. Halii, hacheki. Elieth akimuuliza jambo kwa Kiingereza, anajibu vizuri tu, na dakika moja baadaye hakumbuki ameulizwa nini.

Greenbelt, anakoishi Gwakisa, kuna wazazi wa Kimarekani wanaokutana kila mwezi kwa ajili ya watoto kama wake. Akaenda. Walimpa kikaratasi cha kubandika kifuani aandike jina, akaandika Mama Gwakisa. Jioni nzima wakamwita "Mama", wakidhani ndilo jina la kwanza na Gwakisa ni la ukoo. Hakuwasahihisha. Walimwomba atafsiri kipeperushi chao kwa Kiswahili, akakaa nacho wiki tatu, kwa sababu kila neno alilolijua la kumtaja mtoto wa namna ile lilikuwa tusi. Mwisho akaachana na tafsiri, akaandika lake: "Kama mtoto wako amekuambia jambo na hujui umjibu nini, nipigie. Mama Gwakisa." Chini yake, namba ya simu.

Kipeperushi hicho chake akakipeleka kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, akakibandika kando ya sembe na dagaa. Mwenye duka akakitoa. Jumamosi iliyofuata akakirudisha. Ikawa hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka mwenye duka akachoka yeye. Waliopiga, wengi walipiga kutukana. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru kwa kupiga. Wachache walihema tu kwenye simu kwanza. Hao aliwaalika nyumbani, akawachemshia chai, akawaacha waseme. Karibu wote waliishia kumuuliza swali moja: mumeo yeye alisemaje?

Hapo alinyanyuka kuongeza chai. Kwa maana Ferdinand, ukimwita Baba Elieth, alikuwa anaitika.

Ilipita miaka miwili, kisha mama yake Ferdinand akafariki Tukuyu. Huyo ndiye bibi aliyemlea Gwakisa mpaka akafika miaka saba, wazazi wakihangaika na maisha huku. Ferdinand alimwomba mwanawe asije kwenye ibada ya maombolezo tuliyoiandaa hapa, msiba usije ukageuka gumzo. Gwakisa akakubali, akabaki Greenbelt kumlilia bibi yake peke yake. Leokadia hakubisha. Nilidhani naye ameshachoka.

Siku ya ibada ukumbi ulijaa. Ferdinand alisimama kusoma wasifu wa marehemu, alioandikiwa na Mama Anatoli kwa mwandiko wake mzuri. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akalima chai. Ameacha watoto wanne na wajukuu tisa.

Leokadia akasimama. Nilikuwa kando yake, nikamshika gauni, hata sijui nilitaka kumzuia au kujishikilia mwenyewe.

"Kumi," akasema. Kisha, kwa sauti ile ile ya kawaida: "Baba Gwakisa."

Mama Anatoli akainamisha kichwa. Mwanamume akiitwa na mkewe mbele za watu, ama anaitika ama haitiki, hakuna ya tatu. Ferdinand aliitazama ile karatasi muda mrefu, mpaka nikaona aibu kwa niaba yake.

"Naam," akasema.

Akarudia mstari: wajukuu kumi, wa kwanza Gwakisa, aliyelelewa na marehemu mwenyewe. Kisha akaendelea kusoma mpaka mwisho.

Niliyelia ni mimi. Leokadia aliketi, mikono mapajani, uso ule ule. Baadaye jikoni nilimpa pole, nikamwita Mama Gwakisa, mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Akaitika. Nikamuuliza anajisikiaje.

"Nimeingoja naam ile miaka miwili," akasema. "Imekuja, na sisikii kitu, Vumilia. Nasikia njaa tu."

Nikampakulia wali na kuku. Alikula akiwa amesimama mpaka sahani ikaisha, akaongezewa, akaimaliza na hiyo. Kisha akaniomba nimfungie ya tatu, ya kupeleka Greenbelt, na Ferdinand, aliyekuwa mlangoni, akanyoosha mkono akaipokea.