Hatujambo ya Mlangoni

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kuwauliza watu kama wanaumwa, na niliifanya vibaya. Nalisema hili mwanzo ili msomaji asije akangoja shujaa.

Ilikuwa Likoni, miaka ile ya mwisho ya mkoloni. Nilikuwa nimeachika, nimerudi kwetu, nakaa ua mmoja na kaka yangu na mkewe. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nane, na siku hizo mwanamke wa kwetu aliyesoma kiasi hicho alisifiwa sana na hakuna aliyejua amtumie kwa lipi. Kisha siku moja dresa wa dispensari, yule mzee aliyekuwa akifunga vidonda na kugawa vidonge, akanitumia salamu niende. Alikuwa amekuja daktari wa Kizungu, mwanamke, anataka msaidizi wa hapa hapa, mwenye kujua kuandika, anayeweza kuingia nyumba za watu bila ya waume kununa.

Daktari alinieleza kazi yenyewe. Kulikuwa na watu huko Ulaya waliotoa fedha ili ijulikane wagonjwa wa pande zetu wako wapi, wanatibiwa wapi, na kwa nini wengine hawatibiwi. Majibu yangekwenda kwa waliotoa fedha na kwa serikali, na serikali ingeamua mahali pa kujenga chumba cha kujifungulia. Chumba kimoja, vitanda viwili, na mkunga aliyesomea. Kingekwenda Likoni, au Kisauni, au Changamwe, popote patakapoonekana pana shida zaidi.

Nilimwambia nakubali kabla hajamaliza. Mwanamke wa Likoni akishikwa na uchungu wa kuzaa, na mambo yakamshinda mkunga wa mtaa, hospitali ilikuwa ng'ambo, na kati yake na hospitali ilikuwa foleni ya feri. Wifi yangu alikuwa amekwisha kupoteza mtoto pale foleni, amelazwa juu ya mkokoteni, naye anaiona feri ndiyo kwanza inaondoka. Sasa alikuwa mjamzito tena, mimba changa. Nilikitaka kile chumba kwa ajili yake kuliko nilivyoutaka ule mshahara, na mshahara niliutaka sana.

Tulifundishwa kwa siku mbili, mimi na wasaidizi wenzangu wa Kisauni na Changamwe. Usikae kitako nyumba ya mtu. Usile, usinywe. Uliza swali kama lilivyoandikwa, usiongeze lako. Nyumba ikimalizika, nenda ya pili. Haki lazima isemwe: hayakuwa masharti ya mtu mjinga. Daktari aliogopa kwamba nikikaribishwa chai na jamaa zangu nitawaandikia maradhi wasiyo nayo ili chumba kije kwetu. Alikuwa mtu mwema, uso umebabuka kwa jua, miguu imemvimba, na Kiswahili chake cha bara alikisema kwa bidii kama mtu anayepanda ngazi.

Basi nikaanza. Buibui langu, ubao wa kuandikia, penseli imefungwa kwa uzi. Hodi, karibu.

"Hamjambo?"

"Hatujambo, alhamdulillahi."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo wote."

"Hamna mgonjwa humu ndani?"

"Ah, twamshukuru Mngu."

Nami natia alama pale pa kuonyesha hamna mgonjwa, nasema ahsanteni, naondoka. Nyumba moja, mama mwenye nyumba alikuwa akiniambia hawajambo huku ndani mtu anakohoa kikohozi cha kupasua mbavu. Tulitazamana. Nikainamisha macho, nikaandika alivyosema. Mgeni asiye na adabu angeuliza tena. Mimi nimelelewa, na mtu akishakuambia hajambo, kumrudia swali pale pale mlangoni ni kumwita mwongo.

Nyumba yetu sikuuliza hata hilo. Wifi alikuwa jikoni anakanda unga wa mahamri, mimi nimekaa kizingitini na ubao wangu. Nimwulize nini mtu ninayelala naye ua mmoja? Nikaijaza mwenyewe. Mtoto mmoja amekufa, mgonjwa hamna. Nilichukua muda mfupi kuliko anaotumia mtu kuchambua mchele wa chakula cha jioni, nikaona nimeokoa wakati.

Kwa miezi miwili nikawa mtu wa maana. Nilipenda kuonekana na ule ubao, na sioni sababu ya kulificha hilo sasa.

Kazi ilipokwisha daktari alijifungia na makaratasi yake, na alipotokea tena alikuwa na ripoti nene iliyopigwa taipu, na tiketi ya meli ya kurudi kwao. Nilimwuliza tutaisoma lini. Akashangaa. Alisema ripoti ni ya waliotoa fedha, na nakala ni ya serikali. Nikamwambia, na wenye maradhi je? Alifikiri kidogo akasema hakuna aliyewahi kumwomba hilo, na kwamba haoni ubaya. Hapo alinipendeza.

Tukachagua siku ya kliniki ya watoto, maana siku hiyo kibaraza cha dispensari hujaa akina mama. Daktari alikaa kitini kando, dresa akasimama mlangoni, nami nikawa nasoma Kiingereza kwa macho na kusema Kiswahili kwa mdomo. Nikafika pa Likoni. Nikasema, ripoti yasema nyumba nyingi za Likoni hazina wagonjwa. Yasema wanawake wengi wa Likoni hawakutaja shida ya uzazi. Kwa hivyo yashauri chumba kijengwe pengine, penye haja zaidi.

Kisha bibi mmoja, mkulima wa huko ndani, mkavu na mrefu, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, Likoni hiyo ni ipi?"

Wakacheka wote. Mimi nilicheka pia, kidogo, kisha nikaona yeye hacheki.

"Wewe ulikuja kwangu," akasema. "Ulisimama mlangoni kama mtu wa kodi. Nikakwambia karibu, hukuingia. Nikakwambia keti, hukuketi. Ukaniuliza hamjambo, nami nikakwambia hatujambo. Ulitaka nikwambie nini, nawe wima? Mume wangu yuwalala kitandani mwaka wa pili huu."

"Nami mwanangu yuwaanguka kifafa," akasema mwingine.

"Mimi nimezika watatu. Hukuniuliza waliokufa ukiwa umekaa. Waliokufa hutajwa mlangoni?"

Wakaendelea. Ilikuwa kama kufungua mfereji. Nilisimama na ile karatasi nikahisi masikio yanawaka, maana hakuna hata moja nililoambiwa ambalo sikulijua. Pwani nzima yajua kwamba habari mbaya hapewi mtu aliyesimama. Kwanza kila kitu ni chema. Uingie, utandikiwe mkeka, uletewe cha kunywa, mzungumze ya watu wengine, kisha sauti hushuka, na mwenye nyumba husema, "Ila..." Baada ya hiyo ila ndipo habari ilipo. Mimi mwenyewe siku niliyoachwa nilimjibu mama yangu mlangoni kwamba sijambo, na nguo zangu zote zi kichwani.

Daktari aliniuliza wanasema nini. Nilipomweleza, akauliza, basi walidanganya? Nikamwambia hapana. Akauliza, basi walisema kweli? Nikamwambia hapana. Kumfahamisha kulichukua mpaka adhana ya adhuhuri. Alipofahamu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu, akasema ni yeye aliyenikataza kukaa. Hilo lilikuwa jema kwake kusema. Lakini yeye hakujua, na mimi nilijua.

Fedha zilikuwa zimekwisha. Waliozitoa walikuwa wameweka mwisho wake, na mwisho wenyewe ulikuwa umefika. Alichoweza, alisema, ni hiki: nikizirudia zile nyumba kwa hiari yangu, nimpelekee nakala Ulaya, naye ataiandikia barua na kuipeleka kwa wahusika. Akaniachia madaftari matatu na mkono wa kwaheri.

Nikazirudia. Mara hii bila ubao, baada ya alasiri, nyumba moja kwa siku, mara chache sana mbili. Nilikaa mikekani mpaka magoti yakaniuma. Nilikunywa chai ya tangawizi mpaka tumbo likawa linaikataa kwa harufu tu. Na nilingoja ile ila, na kila ilipokuja nilitamani isije. Kikohozi, uvimbe, macho yaliyozimika, mtoto aliyetoka akiwa kimya. Sikuwa na la kuwapa isipokuwa kuandika. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimechoka vile ambavyo usingizi hauondoi, nakula, nalala, wala simwulizi mtu neno.

Kwetu nilikuacha mwisho. Mimba ya wifi ilikuwa imefika miezi minane.

"Yeo nami ni mgonjwa wako?" akaniambia, akicheka, nilipotandika mkeka mbele yake.

"Yeo wewe ndiwe mwenye nyumba. Hamjambo?"

"Hatujambo, alhamdulillahi."

Nikakaa kitako, nikangoja. Akanyanyuka kwa tabu, akaniletea chai kwa kikombe cha wageni, mimi niliyekuwa nikikiosha kikombe hicho kila sikukuu. Tukazungumza habari za harusi ya jirani. Kisha sauti yake ikashuka.

"Ila wifi, si mmoja. Ni watatu."

Wawili wa mwanzo walitoka kabla sijarudi kwetu. Hakuna aliyeniambia, kwa kuwa nilipokuja nilikuja na msiba wangu mwenyewe, ikaonekana si vizuri kunitwisha wa wengine. Na tena, akasema, mwezi wote huu kichwa kilikuwa kikimuuma na mbele ya macho akiona giza. Akanyoosha miguu nje ya leso. Ilikuwa imejaa kama ya daktari, imezidi. Nilikuwa nimeiona ile miguu kila siku. Nikadhani ni ya mimba.

Dresa aliibonyeza kwa kidole kimoja, akasema avushwe saa ile ile. Feri tuliipata haraka. Siwezi kuilaumu feri kwa siku hiyo. Hospitali walimwokoa yeye. Mtoto hakuokoka, alikuwa wa kiume, na wakamwambia kaka yangu kwamba mkewe asibebe mimba tena.

Watu walipokuja kutupa pole kuna aliyesema mficha uchi hazai. Nilimfukuza. Nilimfukuza mtu mzima kwenye matanga, jambo ambalo mpaka leo wengine wa ukoo hawajanisamehe. Wifi hakuficha kitu. Hakuulizwa.

Nilinakili yale madaftari kwa mkono nikayapeleka Ulaya kwa posta. Jibu lilichelewa sana. Daktari aliandika barua nzuri, ya kurasa mbili, kwamba amejaribu, lakini waliotoa fedha sasa wanatoa kwa ajili ya mbu, na ripoti ikishachapwa haifunguliwi. Barua nyingine ya serikali ilisema maoni yangu yamewekwa kwenye faili. Sikukasirika. Nilikuwa nimeishiwa na hasira, nikazirudisha barua bahashani nikaenda kuanika nguo.

Miaka ikapita na watu wakawa wanagombana habari za bendera gani itapanda mwambao. Bendera ikapanda. Mwaka uliofuata akaja afisa wa afya, kijana mweusi wa bara, suruali imepigwa pasi, na fomu mpya mkononi. Alisema serikali yetu sasa inataka kujua wagonjwa wetu wako wapi. Nilimwambia aketi, angoje. Nikaingia ndani nikatoka na madaftari matatu, nikamwekea mapajani.

Aliyasoma yote, hapo hapo, chai ikapoa. Aliuliza nani alinilipa. Nikamwambia ile kazi ya kwanza, isiyokuwamo humu, walinilipa Wazungu; haya hakuna aliyenilipa. Akaniuliza kama anaweza kuyachukua awaonyeshe wenzake wa Kisauni na Changamwe, ili nao wajue namna ya kuuliza. Nikampa. Hayakurudi, na mara moja katika maisha yangu nimefurahi kwa kitu kutorudishwa, kwa sababu chumba kilikuja.

Kilijengwa ubavuni mwa dispensari, kuta nyeupe, vitanda viwili vya chuma. Siku ya kukifungua kulikuwa na hotuba, na kabla ya hotuba nilimwomba dresa atufungulie, mimi na wifi, tukione kabla ya watu. Wifi alizunguka polepole. Akagusa beseni, akagusa pazia. Akabonyeza godoro.

"Kigodoro kigumu hiki," akasema.

Kisha akavua viatu akavipanga sawasawa chini ya kitanda, akapanda, akajilaza chali na buibui lake, mikono yote miwili juu ya tumbo, akafumba macho. Nilisimama pale. Dresa akachungulia kutuambia wakubwa wamefika, wanataka kuona chumba.

Nilimwambia wangoje.